Kujenga oveni ya piza ya udongo nyumbani: vipimo, vifaa, na kwa nini ya watu wengi haipandi moto

Wadau, maswali ni yale yale kila mara. "Nimejenga oveni, piza inaungua juu huku chini bado unga mbichi." "Nachoma kuni masaa matatu haipati moto." "Moshi wote unanirudia usoni." Nimeona bora niandike yote sehemu moja, kuanzia vipimo mpaka matatizo, ili anayeanza aanze vizuri na aliyeshajenga ajue pa kuangalia.

Jibu fupi kabla hujaendelea: shida karibu zote ziko sehemu mbili, chini ya sakafu na kwenye mlango. Watu wanamaliza nguvu na hela kwenye kuba kwa sababu ndo linaonekana, ndo linapigwa picha, afu chini wanaweka matofali moja kwa moja juu ya zege. Zege linanyonya moto wote. Utachoma mti mzima na sakafu itabaki ya uvuguvugu.

Nadharia ni hii tu, sitakuchosha. Piza inaivishwa chini na sakafu na juu na kuba pamoja na miali ya moto, na vyote viwili lazima viwe na moto wa kutosha kwa wakati mmoja. Kule Napoli, Italia, kuna chama kinaitwa Associazione Verace Pizza Napoletana, kilianzishwa 1984, na kanuni zao zinataka sakafu iwe nyuzi 380 mpaka 430 na piza iive kwa sekunde 60 mpaka 90. Oveni nyingi za jikoni za gesi na umeme zinaishia nyuzi 250 hivi. Ndo mana piza ya jikoni inakauka kabla haijaiva vizuri. Wewe nyumbani huna haja ya kufuata kanuni za Napoli, ukipata sakafu ya nyuzi 350 utakula piza nzuri sana, ila ufike huko lazima moto ukae ndani.

VIPIMO VYA MWONGOZO HUU

Nitatumia oveni ya familia, inayoingia piza moja ya sentimita 30 na moto pembeni yake:

- Kipenyo cha ndani: sentimita 75
- Urefu wa kuba kwa ndani, kutoka sakafuni: sentimita 40
- Urefu wa mlango: sentimita 25
- Upana wa mlango: sentimita 40
- Unene wa udongo wa kuba: sentimita 8
- Unene wa koti la kuzuia moto juu yake: sentimita 10

Namba ya kukariri hapo ni uwiano wa mlango na kuba. Urefu wa mlango uwe kama asilimia 63 ya urefu wa kuba. Hewa baridi inaingia kwa chini ya mlango, inalisha moto, inapanda, inazunguka kuba, afu moshi unatoka kwa juu ya mlango huo huo. Ukirefusha mlango, moto unakimbia nje. Ukiufupisha, hewa haitoshi na moto unakufa kwa moshi. Kwaiyo ukibadilisha urefu wa kuba, piga hesabu ya mlango upya, usikopi tu 25 yangu.

Kuhusu unene, kuna watu wanadhani kuba nene ndo imara na ndo nzuri. Nene linahifadhi moto mwingi kweli, linafaa mwenye biashara ya mikate anayewasha kila siku. Kwa familia inayowasha jumamosi moja moja, sentimita 20 za udongo ni kuchoma kuni bure, maana lazima udongo wote huo ushibe moto kwanza ndo piza iingie.

UNACHOHITAJI KABLA YA KUANZA

Udongo wa mfinyanzi, ndoo 3 mpaka 4 za lita 20. Udongo wa kichuguu ni mzuri sana kama unaupata, mchwa wameshauchambua.

Mchanga wa mtoni, mkali, ndoo 6 mpaka 8 za kuchanganya na udongo. Ongeza ndoo 7 za mchanga wowote kwa ajili ya kufinyanga umbo, huo utautoa baadae. Mchanga wa ufukweni wenye chumvi usiutumie kwenye mchanganyiko.

Matofali yanayostahimili moto kwa ajili ya sakafu, yale mafundi wanaita faya briki, kama 30. Ya kawaida yana sentimita 23 kwa 11 na kitu. Ukiyakosa kabisa chagua matofali ya kuchoma yaliyoiva vizuri, yanayolia kama chuma ukiyagonganisha, yenye uso ulionyooka. Hayatadumu sawa lakini yanafanya kazi.

Chupa tupu za kioo zenye shingo nzima, 45 mpaka 50, saizi ya chupa za mvinyo. Vumbi la mbao kutoka kwa seremala, magunia mawili makubwa. Kama uko sehemu za mpunga, pumba za mpunga zinafaa pia.

Bloku au mawe ya msingi, kokoto, saruji ya msingi tu. Magazeti ya zamani. Turubai. Pimamaji, tepu, mwiko, kisu kirefu, kamba na kijiti.

Eneo: jukwaa la mita 1.3 kwa 1.4, mbali na ukuta wa mbao, makuti na kamba za nguo. Angalia upepo wa kwenu unatoka wapi, mlango usitazamane nao.

VITU VYA KUTOINGIZA KABISA

Saruji ya kawaida ndani ya kuba au kwenye sakafu. Ikifika nyuzi 400 na kitu inaanza kuvunjika yenyewe, inamwaga unga kwenye chakula na mwisho inapasuka.

Mawe ya mtoni mahali panapopata moto. Yana maji ndani, yanaweza kulipuka.

Mawe ya matumbawe, na hili nawaambia watu wa pwani, Zanzibar, Lamu, Mombasa. Kwenye msingi sawa. Ndani hapana, jiwe hilo ndilo linalochomwa kwenye tanuri kupata chokaa, sasa wewe ukilichoma kila wiki unategemea nini?

Vipande vya paa la asbesto. Mtu atakwambia "hii haiungui, weka". Usiikate, usiivunje, usiisogeze karibu na chakula, vumbi lake linaua mapafu.

HATUA

1. Jenga jukwaa. Simamisha bloku mpaka sakafu ya oveni itakapofika iwe usawa wa kiwiko chako, kwa watu wengi ni kama mita moja kutoka chini. Hapa saruji ruksa. Jaza katikati kwa mawe na kokoto, shindilia sana, malizia na zege jembamba au udongo ulioshindiliwa. Uzito wa oveni hii unazidi nusu tani kwa urahisi, kwaiyo usijenge juu ya meza ya mbao uliyoirithi.

2. Weka kizuizi cha moto chini ya sakafu. Hii ndo hatua inayorukwa, nakuomba usiiruke. Zungusha ukingo wa matofali pembeni mwa jukwaa, ndani yake tandaza sentimita 5 za vumbi la mbao lililochanganywa na uji wa udongo. Uji uwe mwepesi kama maziwa mazito, changanya mpaka vumbi lote lishike udongo, ukiminya mkononi likae bila kutiririka. Juu yake laza chupa moja pembeni ya nyingine, jaza nafasi katikati kwa mchanganyiko ule ule, funika kwa sentimita 3 zaidi. Hewa iliyo ndani ya chupa haipitishi moto vizuri, ndo kazi yake. Acha pakauke mpaka ukisimama hapabonyei.

Walioko Kenya wana njia nyingine nzuri. Vemikulaiti, ile inayochanganywa na saruji kati ya udongo na bati kwenye majiko yaliyoboreshwa, inafanya kazi hii hii, vemikulaiti 5 kwa saruji 1, unene wa sentimita 10. Na diatomaiti, mwamba mweupe mwepesi, inachimbwa Kariandusi karibu na Gilgil, matofali yake ni mepesi na yanazuia moto vizuri sana. Hapa saruji inavumilika kwa sababu iko chini ya matofali, haiguswi na moto wenyewe.

3. Laza sakafu. Tandaza mchanga mkavu uliochekechwa sentimita 3, uusawazishe na pimamaji. Laza faya briki bila kitu chochote katikati, yagusane kabisa, gonga taratibu na mpini wa nyundo. Pitisha kiganja juu. Pakiwa na ncha hata ya milimita mbili itakwamisha beleshi la piza kila siku ya maisha yako, kwaiyo toa tofali, punguza mchanga, rudisha. Nafasi ndogo zitajazwa na majivu zenyewe.

4. Chora duara. Pigilia kijiti katikati, kamba ya sentimita 37 na nusu, zungusha. Hiyo ni ndani ya kuba. Acha matofali yatokeze mbele kama sentimita 30 kwa ajili ya mdomo, yaani sehemu ya mbele ya mlango.

5. Finyanga umbo la mchanga. Simamisha kijiti cha sentimita 40 katikati, rundika mchanga wenye unyevu mpaka ufiche ncha ya kijiti. Pembeni uanze kupanda wima kwa sentimita 8 hivi ndo uanze kukunja. Ukianza kukunja kutoka chini kabisa, piza haitasogea karibu na ukuta na nafasi ya moto itakosekana. Piga piga na ubao mpaka pawe laini, afu funika lote kwa magazeti yaliyolowa. Magazeti ndo yatakuonyesha mwisho wa mchanga wakati wa kuutoa.

6. Pima udongo. Chukua udongo kiasi, viringisha kamba nene kama kidole, ikunje. Ikikunjika bila kukatika, ni udongo wa kutosha. Sasa changanya udongo 1 kwa mchanga 2, kama udongo wako unanata sana fanya 1 kwa 3. Mwaga kwenye turubai, ita watoto wa mtaa, mkanyage kwa miguu, mpindue turubai, mkanyage tena. Tengeneza donge la ukubwa wa ngumi, liachie kutoka usawa wa kiuno. Likitapakaa, maji yamezidi. Likisambaratika vipande, ama ni kavu ama mchanga umezidi. Likikaa donge na nyufa kidogo tu, hapo hapo.

7. Panda kuba. Anza chini, weka madonge ya unene wa sentimita 8 kuzunguka, ukisukuma donge jipya kwenye donge la jirani yake na sio kwenye mchanga, la sivyo utaharibu umbo. Maliza siku moja kama unaweza, mkikaa watu watatu inawezekana bila haraka. Sehemu ulizosimama usiku kucha zinakuwa ndo njia ya nyufa. Funika lote, hata sehemu ya mlango.

8. Kata mlango. Subiri udongo ugande kiasi kwamba ukibonyeza kwa kidole gumba unaacha alama ndogo tu. Juani Dodoma inaweza kuwa siku ya pili asubuhi, Tanga wakati wa masika ikawa siku ya nne. Chora sentimita 40 kwa upana, 25 kwenda juu, juu iwe na tao. Kata na kisu, chimba mchanga kwa mkono taratibu. Ukiona kuba linashuka au udongo bado unang'aa maji, acha, rudi kesho. Toa magazeti, mengine yatabaki, yataungua.

9. Kausha, afu moto mdogo. Acha kivulini wiki moja mpaka mbili. Baada ya hapo washa moto wa vijiti tu, saa moja au mbili, kila siku unaongeza kidogo, kwa siku tano sita. Maji yaliyobaki kwenye udongo yakichemka kwa ghafla yanapasua kuba. Nyufa za unene wa kucha ni kawaida kabisa, zijaze na udongo ule ule uliolegezwa.

10. Vaa koti. Mchanganyiko wa vumbi la mbao na uji wa udongo kama wa hatua ya 2, sentimita 10 kuzunguka kuba lote. Bila koti utahisi joto kwa nje, na hilo joto unalolishika kwa mkono ndo kuni zako zinapotea. Likikauka piga lipu ya udongo, mchanga na samadi ya ng'ombe, au chokaa kwa nje kabisa.

11. Paa. Bati kwenye nguzo nne, liwe juu vya kutosha ili moto usiliguse. Udongo usiochomwa hauna urafiki na mvua, masika moja inatosha kurudisha kazi yote kuwa tope.

Dohani je? Sio lazima. Ukiitaka, ijenge mbele, juu ya mdomo, nje ya kuba, bomba la sentimita 15. Usitoboe kuba katikati! Naona mafundi wengi wanafanya hivyo kwa sababu dohani ya nyumba inakaa juu, matokeo yake joto lote linapanda moja kwa moja angani.

KUWASHA NA KUPIKA

Kuni ziwe kavu kweli, zilizokaa miezi. Mvinje ni mzuri mno na pwani unapatikana, mgunga, mkaratusi mkavu pia sawa. Usichome mbao zilizopakwa rangi au dawa, wala ubao wa makabati. Mnyaa usiuguse, utomvu wake ni sumu.

Washa moto katikati, ongeza kwa saa moja na nusu mpaka mbili. Mwanzo kuba litakuwa jeusi tii kwa masizi. Endelea. Ukiona weusi unaanza kufutika kuanzia juu na udongo unarudi rangi yake, hapo kuba limeshika moto. Sukuma makaa upande mmoja, fagia, pitisha kitambaa kibichi kilichofungwa kwenye mti mrefu, subiri dakika kumi sakafu itulie. Nyunyiza unga kidogo: ukigeuka kahawia taratibu ukihesabu mpaka kumi, ingiza piza. Ukiwa mweusi ukihesabu tatu, subiri. Hakikisha kuna mwali unaoonekana, makaa peke yake hayaivishi juu. Geuza piza kila baada ya sekunde 20.

Ukimaliza piza usiache moto upotee. Toa makaa, ziba kwa mlango wa ubao mnene uliolowekwa maji, ndani hapo ingiza mikate, afu kuku, usiku maharage kwenye chungu. Wanaooka mkate wa mofa, ule wa tanuri la udongo, hawahitaji kuelezwa hili, udongo ukishashiba moto haukuachi njaa.

WEWE UNAYEKAA GHOROFANI

Huwezi kujenga hii, lakini oveni ndogo ya umeme ya mezani inaboreka kwa sababu ile ile, sakafu. Nenda kwa fundi wa kuchomelea akukatie bamba la chuma cheusi, milimita 6, sentimita 35 kwa 35 au linaloacha nafasi ya vidole viwili kila upande hewa ipite. Lisiwe la mabati, zinki ikipata moto mkali inatoa mvuke mbaya. Uzito ni karibu kilo 6, angalia kama rafu inabeba. Lisugue, lipake mafuta, liunguze, afu liweke rafu ya juu na uwashe oveni mpaka mwisho kwa dakika 45 kabla ya piza. Chomeka ukutani moja kwa moja, sio kwenye ekstensheni ya kuchajia simu.

MATATIZO NA DAWA ZAKE

Juu inaungua, chini mbichi. Sakafu haijashiba. Moto ukae katikati muda mrefu zaidi kabla hujausukuma pembeni. Kama hata baada ya masaa mawili sakafu ni ile ile, hukuweka kizuizi chini, au kimelowa. Dawa ni kutoa matofali na kufanya hatua ya 2, unaweza kupitia mlangoni bila kubomoa kuba, ni kazi ngumu ila inawezekana.

Chini inaungua, juu nyeupe. Moto umekuwa makaa matupu. Ongeza vipande vyembamba viwili vitatu vya kuni vitoe mwali, sakafu ipitishe kitambaa kibichi.

Moshi unajaa ndani na moto unafifia. Pima mlango wako na kuba lako kwanza. Mlango ukiwa chini ya asilimia 60, kwangua juu ya tao kidogo kidogo. Ukiwa sawa, basi ni kuni mbichi au umejaza kuni mpaka mlangoni.

Oveni inapata moto haraka na kupoa haraka. Mlango mrefu au koti hakuna. Mlango unaupunguza kwa kuongeza udongo kwenye tao, lowesha udongo wa zamani kwanza ndo ushike.

Ufa mkubwa unaopitisha mwanga au moshi. Panua ufa na kisu, lowesha, sindilia udongo wenye mchanga mwingi, 1 kwa 3, kausha, moto mdogo. Ukirudi pale pale kila mara, angalia jukwaa, inawezekana msingi unatitia upande mmoja, na huo ufa hautapona mpaka msingi urekebishwe.

Mchanga unadondoka kwenye piza. Udongo ulikuwa mchache kwenye mchanganyiko. Oveni ikiwa imepoa kabisa paka uji mzito wa udongo kwa ndani na brashi, mara mbili, uache ukauke, afu rudia ile mioto midogo ya hatua ya 9.

Mvua imelowesha. Usiwashe moto mkubwa kwa hasira. Iache ikauke kwa upepo, uanze vijiti tena siku mbili tatu, hata kama wageni wameshaalikwa.